Chumba "chenye dirisha" maana yake nini hasa? Mgeni amekataa chumba, nami sijui kama nilimdanganya

MwanaNgamiani

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba mnisaidie, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Familia yetu ina gesti ndogo hapa Tanga, Ngamiani, vyumba tisa. Marehemu baba aliijenga kidogokidogo. Vyumba sita viko pembeni, dirisha lake linatoa nje. Vitatu viko katikati. Vina dirisha, tena la vioo, lakini ukilifungua unakutana na ukumbi, ule ukumbi mrefu wa kutokea mlango wa mbele hadi uwani.

Mwezi uliopita nilitangaza kwenye simu hivi: "Vyumba safi vyenye madirisha, feni na chandarua." Akaja baba mmoja mtu mzima, usiku, amechoka na safari. Nikampa chumba cha katikati kwa sababu ndicho kilichobaki. Akaingia, akavuta pazia, akanitazama. Akasema: "Mwanangu, ulisema vyenye madirisha." Nikamwambia dirisha si hilo? Akajibu: "Hilo linaangalia ukumbini. Chumba hiki hakina dirisha." Nikamrudishia pesa yake akaondoka na begi lake.

Tangu hapo nyumbani ni mabishano. Kaka yangu anasema tangazo liko sawa, kosa ni la mgeni. Mama anasema nimekosea, ningeandika "vyumba vya madirisha". Shemeji anasema kuna neno moja kamili la chumba cha namna hiyo, ila amelisahau. Nataka kuandika kibao kipya na sitaki mtu mwingine aondoke kwangu anajiona ametapeliwa. Je, "-enye" inaahidi nini? Na hilo neno moja lipo?

MwalimuMstaafu

Ndugu MwanaNgamiani, kwanza pole, na hongera kwa kurudisha pesa.

Neno moja halipo. Shemeji asijisumbue kulikumbuka. Vivumishi vya sifa vya asili katika Kiswahili ni vichache, vile vya -zuri, -refu, -pana, -eupe. Mengine tunayaunda kwa kuunganisha, na chombo kikubwa cha kuunganishia ni hiyo "-enye". Wengine wanakiweka katika vivumishi vya pekee, pamoja na -ote, -ingine na -enyewe. Sifa yake ni kwamba hakiwezi kukaa peke yake. Ukisema "chumba chenye" na kunyamaza, msikilizaji atakutolea macho akisubiri. Chenye nini? Chenye dirisha. Chenye joto. Chenye mkosi.

Upatanisho wake watu wengi wanauharibu, kwa hiyo niuandike: mtu mwenye, watu wenye, mti wenye, miti yenye, jumba lenye, majumba yenye, chumba chenye, vyumba vyenye, nyumba yenye, nyumba zenye, ukuta wenye, kuta zenye, mahali penye. Tangazo lako "vyumba vyenye madirisha" kisarufi halina doa. Wapo wanaoandika "vyumba yenye madirisha", na wapo wanaoandika "chumba mwenye dirisha". Huyo "mwenye" ni wa mtu. Mwenye chumba ni wewe, ndugu yangu.

Kuhusu pendekezo la mama, "vyumba vya madirisha", kwa heshima zote nasema si sahihi. Chumba cha madirisha ni chumba kinachohifadhi madirisha, kama stoo ya fundi.

MkalimaniDodoma

Mwalimu, shikamoo. Naomba nikupinge kwa adabu hapo mwishoni, kwa sababu nadhani mama ana hoja.

Tunasema shati la mikono mirefu. Gari la milango minne. Nyumba ya vyumba sita. Kitanda cha futi tano. Hakuna anayesema shati hilo linahifadhi mikono. Kihusishi hiki cha "-a" kinatumika kutaja aina ya kitu, jinsi kinavyojulikana kati ya wenzake. Ukiingia dukani unauliza "kuna mashati ya mikono mirefu?" kwa sababu unachagua kati ya aina mbili. Ila nomino ile ya pili inapendelea kuwa na kitu cha kuibainisha: mirefu, minne, sita. "Shati la mikono" tupu linasikika kama limekatika. Vivyo hivyo "chumba cha madirisha" kinapwaya, lakini "chumba cha madirisha mawili" au "chumba cha dirisha la nje" kinakaa vizuri kabisa.

Kwa hiyo mama alikosea kidogo tu. Silika yake ni ya mtu anayekijua Kiswahili: aliona kuwa katika gesti ile kuna aina mbili za vyumba, akatafuta namna ya kuzitenganisha. "-enye" haitenganishi kwa nguvu hiyo. Inasema kitu fulani kinacho kitu fulani, basi. Ndiyo maana tangazo liliruhusu vyumba vyote tisa vipite chini ya neno moja.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Nimelisoma mara mbili jibu lako na nakubali. Shati la mikono mirefu limenimaliza. Nafuta ule mfano wa stoo, na MwanaNgamiani nisalimie mama.

FundiLinta

Mimi sarufi nawaachia. Nazungumzia dirisha lenyewe.

Nimejenga miaka mingi, Dar na Pwani. Kwa fundi, tundu la ukutani lina majina kadhaa na dirisha ni mojawapo tu. Kuna matofali ya matundu yale ya juu karibu na linta, kazi yake kutoa hewa ya moto. Kuna kitundu cha chooni. Kuna uwazi wa kupitishia sahani kati ya jiko na sebule. Kuna dirisha la duka au la dawa hospitali, ambalo ni la kupokelea huduma. Mteja akiniambia "fundi, niwekee dirisha", siulizi linaelekea wapi, najua ni nje. Akitaka la ndani lazima aseme. Kwa hiyo yule mgeni, kwa hesabu ya ufundi, alikuwa sawa.

Halafu kuna suala la kiasi. Kipimo nilichofundishwa: uwazi wa dirisha usipungue moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni futi za mraba 100, kwa hiyo dirisha lisiwe chini ya 10. Dirisha la futi 4 kwa 4 ni 16, linatosha kwa mwanga. Lakini haya ya aluminiamu ya kuteleza yanafunguka nusu tu, unabaki na 8. Mwanga umepata, upepo hujapata. Luva za zamani zilikuwa zinafunguka karibu zote, na joto la Tanga lilikuwa linavumilika. Na zile nyumba zetu za Kiswahili, vyumba vitatu huku vitatu kule na ukumbi katikati, zilifikiriwa vizuri: kila chumba kina dirisha lake la nje, na mlango wake ukumbini, upepo unapita. Tatizo lilikuja jirani alipojenga hadi mpakani. Dirisha lipo palepale ila sasa linatazama ukuta wa mtu kwa umbali wa mkono. Hicho nacho ni chumba chenye dirisha?

BintiMkomani

Salamu kutoka Lamu. Nimewafuatilia toka mwanzo na nina la kuwaambia, maana naona mnakichukulia chumba kisicho na dirisha kama chumba kilichoonewa.

Nyumba niliyozaliwa ni ya mawe na chokaa, ya zamani sana. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Wembamba huo unatokana na dari: dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta ikafika unapotaka wewe. Chumba kinaishia pale boriti inapoishia, yapata mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Unaanzia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita, unakuta kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Kisha chumba cha msana, kisha ndani, na mwisho kabisa nyumba kati. Kadiri unavyoingia ndivyo giza linavyozidi na ndivyo heshima inavyozidi. Nyumba kati ndiko wanawake walikojifungulia, na ndiko maiti alikooshwa kabla ya kutolewa. Ukutani kuna zidaka, vijishimo vya kuwekea vitu, safu kwa safu, zimechongwa kwa plasta ya chokaa, na ile taa ya mafuta ikiwashwa zinacheza kwenye kivuli utadhani ukuta unapumua.

Ukuta wa njiani kwa kawaida hauna madirisha, au unavyo vitundu tu huko juu. Njia zetu ni nyembamba mno, ukiweka dirisha unaketi na mpita njia kitandani. Tulitaka sitara. Mwanga unashuka kutoka kiwandani, unaingia msana, unabaki kidogo unaingia ndani. Bibi yangu hakuwahi kusema "chumba hiki hakina dirisha" kwa masikitiko. Alisema "huku ni ndani". Hilo lilikuwa jina la chumba na lilitosha.

Unguja, Mji Mkongwe, mambo ni mengine. Nyumba nyingi za huko ni za karne ya 19, zina madirisha makubwa ya barabarani na roshani. Miji yote miwili imo kwenye orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na watu wanaifananisha. Mimi nikiwa Unguja huhisi nyumba zinanitazama.

MwanaNgamiani

Bi mkubwa, umeniliza. Baba naye alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo, Pangani. Sasa naanza kuelewa kwa nini hakuona aibu kuweka vyumba vitatu katikati.

MsomajiKamusi

Ngoja niongeze kitu kuhusu maneno yenyewe, kwa sababu yana historia nzuri.

Jumba, nyumba, chumba: mzizi ni ule ule, -umba. Umebadilisha kiambishi tu, ukubwa ukabadilika. Chumba ni nyumba iliyopunguzwa. "Dirisha" nalo limetoka Kiajemi, kwenye neno lenye maana ya mlango mdogo. Kwa hiyo mtu akisema "chumba chenye dirisha", ukichimba chini kabisa amesema kijinyumba chenye kijimlango. Mimi jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Na kuna "shubaka". Kwa Waarabu neno hilo ndilo dirisha. Lilipofika kwetu likawa uwazi ulioachwa ukutani wa kuwekea taa au Msahafu, ambao hautokezi upande wa pili. Yaani dirisha la watu wengine, kwetu likazibwa nyuma likawa kidaka. Ukisikiliza maelezo ya BintiMkomani kuhusu sitara, unaona ukuta uliolipokea neno hilo. "Roshani" pia asili yake Kiajemi, na mwanzo wake ni habari ya mwanga.

KijanaWaKayole

Mambo wazee. Huku Nairobi mtu anayetafuta nyumba ya chumba kimoja, bedsita, atakuuliza "hiyo bedsita iko na dirisha mbili ama moja?" Hakuna atakayesema "madirisha mawili". Na atasema "ile nyumba yenye nilikuonyesha jana". Nikiandika hivyo mwalimu wangu wa kidato cha nne alikuwa ananikata alama. Swali langu la kweli kabisa: ni makosa, ama ni Kiswahili cha kwetu?

MwalimuMstaafu

Kijana wangu, umeuliza mambo mawili.

La kwanza: dirisha liko katika ngeli ya LI-YA. Dirisha hili, madirisha haya, madirisha mawili. "Dirisha mbili" inatokea kwa sababu "dirisha" halina kiambishi cha mbele kinachoonekana, basi masikio yanalipeleka kule kwa nyumba na meza. Hata Dar na Mwanza utaisikia kwa madalali kila siku. Kwenye mazungumzo sitamkatiza mtu. Kwenye mkataba wa pango andika madirisha mawili.

La pili ndilo zito zaidi. "Nyumba yenye nilikuonyesha" imemfanya "yenye" kuwa "ambayo". Huo ni mpaka mwingine. "-enye" ya asili inataka nomino mbele yake: yenye dirisha, yenye vumbi. Ukiifuatisha na kitenzi umeibadilishia kazi. Naelewa ilivyotokea, na kwa mitaa yenu ina kanuni yake maana kila mtu anaielewa. Lakini mtu wa Tanga akisoma "chumba yenye iko na dirisha" atasimama. Alama zako zilikatwa kwa haki, ingawa pengine hukuelezwa sababu, na hilo lilikuwa deni la mwalimu.

KijanaWaKayole

Asante sana mwalimu. Nimeelewa leo, miaka 9 baadaye.

MkalimaniDodoma

Kuna chombo cha tatu hatujakigusa: "kilicho na". Chumba kilicho na dirisha. Watu wanadhani ni sawasawa na "chenye", na mara nyingi haina neno. Tofauti inaonekana ukitaka kuzungumzia wakati. "-enye" haina wakati. Chumba chenye dirisha ni sasa, jana na siku zote. Lakini "kilicho na" inakubali kusogezwa: chumba kilichokuwa na dirisha (likazibwa jirani alipojenga), chumba kitakachokuwa na dirisha (fundi akimaliza). Tena "-enye" haina kinyume chake. Huwezi kuikanusha. Ukitaka kukana inakubidi urudi kwenye "kisicho na" au useme "bila dirisha".

Ninapokagua mikataba ya pango hili ndilo ninalolitazama. Mwenye nyumba anaandika "chumba chenye dirisha na maji ndani" wakati maji yataletwa mwezi ujao. Mpangaji hana pa kushika. Angeandika "kitakachokuwa na maji ifikapo tarehe fulani", pande zote mbili zingejua zimekubaliana nini.

Na FundiLinta, lile swali lako la dirisha linalotazama ukuta wa jirani sina jibu la kisarufi. Kisarufi ni chumba chenye dirisha. Mimi nisingekipanga.

BintiMkomani

Mwalimu, na chumbani je? Kwetu nimesikia wazee wakisema "chumbani mwenye giza". Sikudhani ni makosa mpaka leo uliposema "mwenye" ni wa mtu.

MwalimuMstaafu

Bibi, wazee wako sawa na mimi nilikuwa mfupi wa maelezo. Ukitia -ni, chumba kimehama ngeli, kimekuwa mahali. Chumbani penye dirisha, chumbani kwenye dirisha, chumbani mwenye dirisha. Pa, ku, mu. Hiyo ya tatu ni ya ndani kabisa, na inafanana kwa sura na ile ya mtu bila kuwa na undugu nayo. "Chumba mwenye dirisha" ni kosa. "Chumbani mwenye dirisha" ni Kiswahili safi ambacho siku hizi wachache wanakitumia. Nashukuru umeniuliza.

FundiLinta

MwanaNgamiani, ukitaka nikusaidie kwa hivyo vyumba vitatu: kama paa ni la bati na juu yake hakuna ghorofa, unaweza kuinua ukuta wa katikati ukaweka vioo vya juu, mwanga ukaingia kutoka kwenye paa. Si gharama kubwa kama kubomoa. Nitumie picha ya kenchi.

MwanaNgamiani

Fundi, nitakutumia kesho asubuhi. Nyote nawashukuru, mmenitendea wema.

Nimekaa na mama leo tumeandika upya. Mchora kibao anakuja Alhamisi. Someni mnisahihishe kabla hajatia rangi:

"Vyumba sita vya dirisha la nje. Vyumba vitatu vya ndani, vyenye dirisha la ukumbini, tulivu, bei nafuu. Feni na chandarua vyumba vyote. Karibu uvione kwanza."

Mama ndiye aliyesema tuviite "vya ndani". Nilimsomea maneno ya Bi wa Lamu akanyamaza kwa muda, kisha akasema hata kwao Pangani ndivyo walivyoviita.

MwalimuMstaafu

Kibao kizuri. Jambo dogo moja. "Vyumba sita vya dirisha la nje" mtu mkaidi anaweza kusema vyumba sita vinagawana dirisha moja. Ukiandika "madirisha ya nje" atadhani kila chumba kina mengi. Kiswahili kina dawa yake: "vyumba sita vya dirisha mojamoja la nje". Kila kimoja na lake.

MwanaNgamiani

Mojamoja. Sikuwa nimelifikiria kabisa. Nampigia mchora kibao sasa hivi, maana anatoza kwa herufi na nilishamwambia idadi.